Mwaka wa Mashine ya Ukungu

Kinya alinipigia simu nikiwa nyuma ya nyumba, hapa Embu, napalilia sukuma wiki, na kabla hajasema lolote nilijua, kwa sababu Kinya hunipigia jioni akitoka kazini, si asubuhi. "Anti, Mama ametuacha," akasema. Niliketi papo hapo kwenye tuta, jembe likiwa mapajani. Mama Kinya hakuwa mama yangu wala ndugu yangu. Alikuwa mwanamke aliyenipangisha chumba mjini Meru katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, miaka ya sabini, nilipokuwa msichana mwembamba mwenye mdomo. Tangu wakati huo tumezikiana watu na kuozeshana watoto. Sasa zamu ilikuwa yake.

Alizikwa nyumbani kwake Kiirua, na baada ya maombi watu walipanga foleni ya kunawa mikono kwenye mfereji ulio kando ya ghala la mahindi. Mbele yangu alikuwepo kijana aliyefungua maji, akageuka kuongea na mwenzake huku maji yanamwagika tu. Nikamfokea afunge. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia kichaa, akafunga, akasema, "Pole, shosho." Simlaumu. Hakujua kwamba mfereji ule nusura usifike Kiirua kabisa, na kwamba kama usingefika hapo, mabomba yake yangekwenda kwetu.

Nilizaliwa upande wa Kiritiri, kule Mbeere, na hilo linatosha. Mengine ya ukoo wangu hayana kazi hapa. Ninachotaka kukumbuka ni chumba. Kilikuwa cha mbao, nyuma ya nyumba ya Mama Kinya, si mbali na soko la Gakoromone alikokuwa akiuza viazi na kabichi. Kuta zilibandikwa magazeti ya zamani kuzuia upepo, na kwa muda mrefu nilipokuwa nikisubiri usingizi nilisoma habari ileile ya fahali aliyeshinda zawadi kwenye maonyesho ya kilimo, mpaka nikamwona kama jirani. Kati ya kitanda changu na jiko la Mama Kinya palikuwa na ubao tu. Nilisikia sufuria zikiwekwa motoni, nilisikia Kinya, aliyekuwa bado mtoto wa shule, akikariri hesabu, na nilisikia kila mgeni aliyekuja kunywa chai. Nadhani Mama Kinya alijua kwamba nasikia. Aliongea vilevile.

Chakula nilikula kwake. Alisema msichana anayejipikia peke yake hukonda na kuwa mkali, na mimi nilikuwa tayari mkali vya kutosha. Jioni tuliketi kwenye vigoda na kula nkima ya viazi na ndizi iliyopondwa ikawa laini, au githeri ya mahindi na maharagwe, na yeye alinisaili. "Mwari, leo umepima nini?" Nikamwambia, maji. "Jana?" Maji. "Na wanakulipa?" Akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini mwanamke yule hakuwa mtu wa mzaha kwa jambo moja, nalo ni vyombo. Siku hizo vyombo vya mwanamke vilianikwa nje kwenye kichanja, migongo juu, kila anayepita njiani avione, na sufuria yenye masizi ilikuwa habari ya kutembea nyumba kwa nyumba. Mama Kinya alichekecha majivu ya jikoni, akayachanganya na mchanga laini, akachukua gunzi la mahindi na kusugua. Alisugua sufuria, sinia, vijiko, hata kioo cha taa ya chemni. Kichanja chake kiliumiza macho jua likipanda. Wanawake wa Kiirua walioleta viazi mjini walikuwa wakisimama mbele yake na kunyamaza kwa heshima.

Ofisini kwetu, ofisi ya maji, kulikuwa na watu wachache na chumba kimoja cha kupimia, kilichonuka dawa na chai ya tangawizi. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Muturi, mtu wa taratibu, ambaye alichomeka tai yake ndani ya shati, katikati ya vifungo, isije ikatumbukia kwenye maji ya watu. Alinianzishia mbali. Kwanza alinipa kifaa cha zamani: mrija mrefu wa kioo uliosimama juu ya mshumaa. Unamimina maji polepole huku unachungulia kutoka juu, na pale mwali wa mshumaa unapopotea ndipo unaposoma kina. Maji ya tope huumeza mwali mapema. Maji safi huujaza mrija na mwali bado unakutazama. Nilifanya hivyo mpaka nikaota mishumaa. Kisha akafunua mashine yenyewe, kisanduku cha chuma chenye taa ndani, tulichokiita mashine ya ukungu. Maji yanatiwa kwenye kichupa cha kioo, kichupa kinaingia kisandukuni, taa inapiga mwanga. Kama maji ni safi, mwanga unapita moja kwa moja na kwenda zake. Kama yana chembe, hata zile ambazo jicho halizioni, chembe zinautawanya mwanga pembeni, na huko pembeni kuna jicho la mashine linaloungoja. Ndipo mshale unapopanda.

"Mshale ukipanda," Bwana Muturi aliniambia siku ya kwanza, "usikimbilie kulaumu maji. Laumu kioo kwanza. Halafu mashine. Halafu wewe mwenyewe. Maji ni ya mwisho. Sawa, Igoki?" Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa kila kitu mwezi ule.

Kazi yetu kubwa mwaka ule ilikuwa mradi wa Kiirua. Kule ni upande mkavu wa mlima, na wanawake walikuwa wakishuka bonde na kupanda na mitungi migongoni, kamba kwenye paji la uso. Walikuwa wamejitolea kuchimba mtaro kutoka kijito cha msituni hadi sokoni, kila nyumba na kipande chake, na Mama Kinya alikuwa na chake. Kila Jumamosi alifunga biashara, akavaa gauni lililotoboka na kwenda Kiirua kuchimba, na Jumapili jioni alirudi mjini na viganja vimechubuka, akavitia kwenye maji ya chumvi huku akinisimulia mtaro ulipofika. Mabomba yalikwisha kuletwa. Yalilala uwanjani kwa shule, marefu, meusi, watoto wakiyapigia kelele ili wasikie sauti zao zikitoka upande wa pili. Lakini mradi haukuwa na fedha za chujio. Kwa hiyo wakubwa wa mkoa walitoa sharti: maji ya kijito yapimwe msimu mzima, na mshale usivuke mstari wa tano. Ukivuka, mabomba yatachukuliwa na kupelekwa kwenye mradi wa pili kwenye orodha yao.

Mradi wa pili ulikuwa Kiritiri.

Nataka nieleweke hapo. Kwetu hakukuwa na kijito cha msituni. Kulikuwa na mchanga. Mama yangu alichimba shimo kwenye mto uliokauka, akaketi kando yake na kata, akangoja maji yajikusanye, akachota kikombe, akangoja tena. Maji yenyewe yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Nilipoona orodha ile nilifurahi na kuumia kwa wakati mmoja, na sikumwambia mtu yeyote kitu. Bwana Muturi alijua nitokako. Alinitazama juu ya miwani yake akaniuliza, "Hii kazi ya Kiirua, nimpe mtu mwingine?" Nikamwambia hapana. Niliona kwamba nikiikataa ningekuwa nimekubali kuwa mkono wangu unaweza kuusukuma mshale. Nilitaka kuisoma namba ile jinsi ilivyo, iende inakotaka. Nilikuwa mkaidi, na bado ni mkaidi, na sioni aibu.

Vipimo vya mwanzo vilikuwa vizuri. Mshale ulisimama kwenye mbili, ukasimama kwenye tatu. Kisha mji wetu ukaanza kukosa maji. Mifereji ya ofisi ilikohoa upepo tu, na sisi watu wa maji tukawa tunaazima maji ya kuoshea mikono kwa fundi viatu wa jirani, naye hakuacha kutucheka. Sikuweza kuosha vichupa kwa maji ya kuazima, nikavifunga kwenye kitambaa nikaenda navyo nyumbani, kwa Mama Kinya, aliyekuwa na pipa la maji ya mvua. Vilikuwa vimeshika utando wa kahawia kutoka kwenye sampuli za mito mingine. Niliviloweka kwenye karai nikaenda zangu kwenye mazoezi ya kwaya. Niliporudi nilivikuta vimepangwa juu ya kitambaa cheupe mezani, vinang'aa, harufu ya moshi kidogo. "Nimekuoshea hizo vichupa zako," Mama Kinya akasema kutoka jikoni. "Zilikuwa zinatia haya." Nilimshukuru. Nilikuwa nimechoka, na vilipendeza kweli.

Wiki iliyofuata mvua zilianza, na mshale wa Kiirua ukapanda hadi tisa. Nikapima tena, tisa. Nikabadilisha kichupa, kumi. Bwana Muturi akatazama dirishani, akaiona mvua, akatikisa kichwa. "Mto ni mto," akasema. "Mvua ikinyesha unabeba udongo. Pole yao watu wa Kiirua." Hata mimi niliamini. Mvua ilikuwa pale nje, inaonekana, inasikika juu ya mabati, na nani angetafuta sababu nyingine? Tulipeleka habari kwa kamati ya Kiirua. Mwenyekiti, Mzee M'Itonga, mtu mrefu mwenye koti la jeshi la zamani, alisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia, akatoka bila kuaga. Kwa Mmeru wa umri wake kutoka bila kuaga ni sawa na kutukana.

Jioni hiyo wanawake wawili wa Kiirua walikuja kunywa chai kwa Mama Kinya. Mimi nilikuwa kitandani na fahali wangu wa gazetini.

"Huyu msichana wako ni wa wapi?" mmoja akauliza.

"Embu," Mama Kinya akajibu.

"Embu wapi?"

Kijiko kilizunguka kikombeni. "Huko chini. Kiritiri."

"Na mabomba yetu, wanasema inaenda wapi?"

Nilisikia moto ukipasuka. Kisha yule wa pili akasema kwa sauti ya chini, ila ubao ule haukuficha kitu, "Si ni yeye anasoma hiyo mashine? Mimi nimekunywa hiyo maji tangu nizaliwe. Ni safi. Unaona kidole chako ndani. Saa hii imekuwa chafu kwa sababu msichana wa Kiritiri ameiangalia?"

Nilingoja Mama Kinya anitetee. Alisema tu, "Ongeza chai." Usiku huo aliniletea chakula mlangoni, akanipa sahani na kugeuka. Hakuketi nami. Nkima ilikuwa moto, imekolea vizuri, na nilishindwa kuimeza. Sikuwa na hasira naye. Mtaro ule ulikuwa umemla ngozi ya viganja. Nilikuwa na hasira na mshale. Nikaapa kwamba nitaujua ukweli wake hata kama nitalazimika kuivunja mashine.

Maneno ya yule mwanamke ndiyo yaliyonitoa kitandani mapema: unaona kidole chako ndani. Nilimimina maji ya Kiirua kwenye ule mrija mrefu wa mshumaa, nikaujaza hadi juu. Mwali ulikaa pale chini, mdogo, mkali, kama kwamba hakuna maji kabisa. Mrija ule si kifaa cha maji safi sana, hautofautishi tatu na kumi, kwa hiyo haukuthibitisha chochote. Lakini ulinikasirisha zaidi. Ndipo nilipolikumbuka somo la siku ya kwanza. Laumu kioo. Ili kulaumu kioo unahitaji maji ambayo hayana lawama, na mtambo wetu wa kuchemshia maji ya namna hiyo ulikuwa umeungua tangu kabla sijafika. Nikatoka mbio mpaka kituo cha petroli, nikanunua maji ya betri. Yale hayana tope, hayana chumvi, hayana kitu. Nikayatia kwenye kichupa, nikafunga mfuniko wa mashine.

Mshale ulipanda mpaka nane.

Nilikitoa kichupa nikaenda nacho mlangoni, mahali jua la asubuhi lilipokuwa linaingia kwa mshazari, nikakigeuza polepole. Ukikitazama moja kwa moja kilikuwa kizuri kuliko siku kilipotoka dukani. Ukikigeuza kidogo, kikawaka mikwaruzo, myembamba kama nywele, maelfu, yote ikizunguka upande mmoja. Niliufahamu mzunguko ule. Nilikuwa nimeutazama kila jioni kwenye migongo ya sufuria. Halikuwa tope la Kiirua lililokuwa likitawanya mwanga. Ilikuwa majivu, mchanga na gunzi la mahindi.

Nilikaa kizingitini na kichupa mkononi. Bwana Muturi alikuwa bado hajafika. Nitasema nililowaza, maana halijawahi kunitoka: nilimwaza mama yangu kando ya lile shimo mchangani, na kata yake. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua. Mvua ingelaumiwa, lori lingekuja, na kwetu pangekuwa na mfereji. Lakini nilijua pia kwamba kama ningenyamaza, kila kikombe ambacho mama angekunywa kingekuwa cha wizi, na mimi ndiye ningemnywesha. Mama angeniuliza kwa nini simwangalii usoni. Nikainuka. Bwana Muturi alipoingia, tai ikiwa tayari ndani ya shati, nikamwekea kichupa mkononi kabla hajavua koti. "Bwana, si maji. Ni kioo."

Alikigeuza juani kwa muda mrefu. Kisha akacheka, si kwa furaha, akajipiga paji la uso. "Nakufundisha kitu halafu nakisahau mimi mwenyewe!" Akafungua droo akatoa mafuta ya cherehani, akapaka tone moja juu ya kichupa na kufuta kwa kitambaa mpaka ukabaki utando tu. Akanieleza kwamba mafuta yale yanaziba mikwaruzo, na mwanga unapita kana kwamba kioo ni kizima. Tukapima maji ya betri: mshale ukalala karibu na sifuri. Tukapima ya Kiirua: tatu na kidogo. "Lakini kwa mafuta sitii sahihi," akasema. "Watasema tumepaka mashine mafuta, na watakuwa wamesema kweli. Lazima vichupa vipya kutoka Embu." Siku hiyohiyo alinipandisha kwenye Landrova ya ofisi. Huko Embu, mtunza stoo wa mkoa aliniambia nirudi mwezi ujao. Nikamwambia sina pa kulala, kwa hiyo nitalala hapo kwenye benchi lake. Nikaketi, nikavua viatu. Kabla hajafunga kwenda nyumbani, vichupa vilikuwa mapajani mwangu. Vipimo vipya vilisoma tatu, mvua ikinyesha, na vikaendelea hivyo.

Likabaki jambo gumu zaidi. "Watauliza kwa nini kumi imekuwa tatu," Bwana Muturi alisema. "Tukinyamaza, wakubwa watasema Kiirua wamekuhonga, na Kiirua watasema ulidanganya mwanzo ukaogopa. Unawaambia nini?" Nilijua ninachoweza kuwaambia. Nilijua pia kwamba kwa Mama Kinya, jina la kuwa mwanamke wa vyombo safi lilikuwa mali kuliko duka.

Nilimkuta jikoni. Bado tulikuwa hatuongei ila kwa salamu. Niliketi kwenye kigoda bila kualikwa, nikawasha tochi, nikapitisha mwanga kwenye kichupa kipya, kisha kwenye cha zamani. Kile cha zamani kiliwaka chote, kizito, cheupe, kama kimejaa uji. Alikitwaa, akakigeuza, akakitazama kwa ule ujuzi wake wa miaka mingi, akauona mzunguko wa mkono wake mwenyewe. Uso ulibadilika.

"Ni mimi," akasema.

"Ulikuwa unanisaidia."

"Ni mimi nilifanya maji yetu ikuwe chafu." Akaketi chini sakafuni, miguu imenyooshwa, kama watu wanavyoketi kwenye msiba. "Na nikakaa hapa nikasikia wakikusema. Nikasema ongeza chai." Akalia. Mimi pia nikalia, kwa sababu nilikuwa na njaa ya kula naye. Kisha nikamwambia kwamba kwenye mkutano na watu wa Kiirua nitasema tu vichupa vilikwaruzika, sitataja mtu. Akafuta uso kwa kanga. "Wewe ukisema, watasikia msichana wa Kiritiri anaongea," akajibu. "Niachie."

Mkutano ulifanyika kanisani Kiirua Jumapili baada ya ibada. Mzee M'Itonga aliniuliza mbele ya watu, kwa Kiswahili ili nisikose hata neno, "Mwari, hii mashine yako inabadilisha maneno kama mtoto. Leo kumi, kesho tatu. Tuamini gani?" Kabla sijafungua mdomo, Mama Kinya alikuwa amesimama upande wa wanawake. Alikuwa na kikapu. Akatembea mpaka mbele, akaomba madirisha yafungwe. Akatoa kopo la majivu, gunzi la mahindi, na vichupa viwili vyenye maji ya kijito kilekile. Akamwomba Bwana Muturi awashe tochi. Kichupa kipya kilipitisha mwanga ukagonga ukuta. Cha zamani kiliushika mwanga kikabaki kinawaka mkononi mwake, na kanisa lote likaguna.

"Hii maji ni moja," akasema kwa Kimeru, na mtu akanitafsiria sikioni, ingawa nilielewa. "Hii nyingine nimeisugua mimi, na hii." Akainua gunzi. "Nilitaka ing'ae. Mashine haikuona tope. Imeona mkono wangu. Huyu mtoto wa watu hana makosa. Alipojua, angenyamaza, na mabomba yangeenda kwa mama yake. Amekuja kuniambia." Kisha akawageukia wanawake wenzake, mkono kiunoni. "Sasa, kama kuna mmoja hapa hasugui vyombo na majivu, asimame anicheke."

Hakusimama mtu. Kicheko kikaanzia nyuma, kwa bibi mmoja asiye na meno, kikaenea kanisa zima, mpaka Mzee M'Itonga akavua kofia yake na kujifunika nayo uso. Alipoifunua alinijia, akanipa mkono kwa mikono yote miwili. Mwaka huo haukunipa kitu kingine kilichozidi mikono ile.

Maji yalifika sokoni Kiirua kabla ya Krismasi. Siku ya kufungua, wakubwa walipokuwa bado wanahutubia, Mama Kinya alijipenyeza, akajaza dumu, akaliburuta hadi nilipokuwa nimesimama. "Nasikia unaenda nyumbani kwa likizo. Pelekea mama yako." Nilimwambia ni mbali, ni zito. Akanitazama mpaka nikalinyanyua. Mama yangu alimimina kikombe cha kwanza, akaingiza kidole, akakiona kidole chake chote hadi kwenye ukucha. Kisha akawaita majirani, kila mtu akapata funda. Nilipomweleza mabomba yalikuwa yaende wapi, na kwa nini hayakuja, aliendelea kugawa maji bila kugeuka. "Yangekuja hivyo," akasema, "nisingeweza kuyameza." Alifariki kabla Kiritiri haijapata mfereji. Kila mwaka, hadi kifo cha mama yangu na hata baadaye, Mama Kinya alituma dumu moja.

Baada ya mazishi nilikuwa nawasha gari nilipomwona Kinya anakuja, mwanamke mzima sasa, kichwa kimefungwa leso nyeusi, dumu linamvuta bega. Alifungua mlango wa nyuma akaliweka. Nikamwambia, "Kinya, siku hizi maji tunayo." Akasema, "Najua, Anti. Alisema upelekewe." Akafunga mlango, akarudi kwa wageni.

Nilifika Embu jua likiwa bado juu. Siku hizi napikia gesi, lakini jiko la kuni bado liko nyuma ya nyumba, na ndani yake kulikuwa na majivu. Nilichukua glasi, nikatafuta gunzi, nikaketi kwenye kigoda na kuisugua, pande zote, kwa mzunguko ule wake. Nikaisuuza, nikaijaza maji ya Kiirua. Maisha yangu yote ya kazi sijawahi kunywa maji bila kuyainua kwanza kwenye mwanga. Siku ile sikuyainua. Nilikunywa yote, nikaianika glasi nje, mgongo juu, mahali wapita njia wanapoweza kuiona.